Menyu inayomwambia mgonjwa aende nyumbani

WIKI mbili zilizopita nilipanda Upper Hill kumwona mwanafunzi wangu wa zamani, kijana niliyemfundisha mofolojia kabla hajatuhama akaingilia mambo ya kompyuta. Sasa yeye na wenzake wanaunda apu ya simu kwa ajili ya kliniki moja ya huko. Alinionyesha kwa fahari: unagusa vistari vitatu pembeni, menyu inateleza kutoka kushoto na kufunika sehemu kubwa ya skrini, huku ukurasa uliokuwa ukiusoma ukififia nyuma yake. Ukigusa penye giza, menyu inarudi ilikotoka.

Kazi ya mikono yao sina neno nayo. Vistari vyenyewe vilibuniwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star iliyotoka mwaka wa 1981, navyo vimedumu kwa kuwa vinafanana na orodha. Kilichonikera ni maneno yaliyomo ndani.

La kwanza, "Nyumbani". Kijana aliniambia akicheka kwamba mama mmoja mgonjwa alikataa katakata kuligusa. Alidhani akiligusa atakuwa amejiruhusu kutoka kliniki, apoteze nafasi yake ya kumwona daktari. Mimi sikucheka. Mama alisoma Kiswahili sawasawa. Aliyeandika ndiye aliyekuwa akiwaza kwa Kiingereza. Kwa mgonjwa aliye kwenye foleni, kwenda nyumbani ni kwenda nyumbani. "Mwanzo" lingetosha.

Likafuata "Kuhusu". Kuhusu nini? Kiingereza huweza kukiacha kihusishi kikining'inia. Kiswahili kinadai kijalizo. Na chini kabisa, "Toka", neno tunalomwambia mbwa aliyeingia jikoni! Kijana akapendekeza "Funga akaunti". Nikamkataza upesi, maana hapo mtu ataogopa kwamba rekodi zake zote zimefutwa. Nilimshauri atumie "Kutoka", kama mlangoni, kwani kitenzi-jina hakimwamrishi mtu.

Akajitetea kwamba nafasi ni finyu. Hapana. Ufinyu uko kwenye vitufe vya chini ya skrini, ambako neno hubanwa chini ya kipicha. Menyu hii ya kuteleza ina mstari mzima kwa kila jambo: "Weka miadi na daktari" inaenea bila taabu. Na tangu M-Pesa ianze Machi 2007, Wakenya wa kila rika wamezoea kutuma pesa na kutoa pesa, kitenzi pamoja na yambwa yake. Hawahitaji kukatiwa maneno.

Mafundi wenyewe huita menyu hii droo. Nikamwambia, "Mwanangu, Waswahili wana jina la kitu kinachojificha tumboni mwa meza na kuchomoza ukikivuta: mtoto wa meza."

"Mwalimu, mgonjwa akiambiwa afungue mtoto wa meza si atatukimbia?"

Hapo alinishinda. "Menyu" tumelizoea hotelini, na libaki.

Lakini hayo mengine si ya kufanyia mzaha. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na mama yule alikichagua mwenyewe kwenye simu yake.

Juzi kijana alinipigia. "Nyumbani" imekuwa "Mwanzo", na "Kuhusu" imekuwa "Kuhusu kliniki". "Toka" bado ipo. Anasema wenzake wataibadilisha katika toleo lijalo.