Kina Kipya cha Barabara Kongwe

Kazi ya sanaa iliyofungamana na chombo kimoja hutahiniwa siku chombo hicho kinapochakaa. Mswada ukiliwa na mchwa, maneno yake yaweza kuwa yamekwisha nakiliwa kwingine. Mashine ya mchezo wa video ikifa, hufa nayo mwendo, mlio na kiti alichokalia mchezaji. Kwa hiyo, matoleo mapya ya michezo mikongwe kwa vifaa vya mkononi yastahili kupimwa kama upimwavyo uhariri wa diwani: kimehifadhiwa nini, kimeongezwa nini, na kimepotea nini?

Mfano mwema ni Out Run, mchezo ulioongozwa na Yu Suzuki na kutolewa na kampuni ya Sega ya Japani mwaka 1986 kwa ajili ya kumbi za michezo. Mchezaji huchagua kwanza muziki katika redio ya gari, kisha huondoka kwenye pwani yenye minazi. Mwisho wa hatua, njia hugawika kushoto na kulia. Hatua zote ni 15, ila safari moja hupitia 5 tu, na miisho nayo ni 5. Hapana wa kuuawa humo. Mshindani mkubwa ni saa. Mashine iliyokuwa ya fahari zaidi ilimkalisha mchezaji ndani ya gari lililoyumba kwa kufuata usukani.

Mwaka 2014 kampuni ya M2, ya Japani vilevile, iliuhuisha mchezo huu kwa Nintendo 3DS. Mwendo wa picha 30 kwa sekunde ukawa 60, na nyimbo mbili mpya zikaongezwa kando ya zile za asili. Aliyezoea mashine ya awali huiona barabara ikiteleza kama mafuta, na haimchukui muda kuamini kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Hapo ndipo penye ustadi, na ndipo penye hatari pia. Mhariri anayesawazisha mizani ya shairi asipokuwa mwangalifu humfanya msomaji aisahau sauti ya mtunzi.

Jambo la kujadiliwa zaidi ni kina. Mwaka 1986 umbali ulikuwa hila ya macho: mnazi ulichorwa mdogo, ukakuzwa upesi kadiri gari lilivyoukaribia. Nintendo 3DS hulipa kila jicho picha yake, na barabara huzama kweli ndani ya kioo. Mtu aweza kulalamika kwamba huku ni kulifumbua fumbo ambalo mtunzi alimwachia msomaji. Lalamiko hilo lina uzito, lakini M2 haikumlazimisha mtu. Pembeni mwa kifaa mna kitelezi cha kuzima kina hicho, na mchezo ukabaki bapa kama zamani. Ufafanuzi umewekwa pambizoni, matini haikufutwa.

Pengo lipo kwingine. Gari jekundu la mwaka 1986 lilifanana mno na Ferrari Testarossa. Katika toleo la M2 umbo lake limebadilishwa. Muziki umesalimika na barabara imesalimika, bali picha iliyokaa katikati ya kioo siyo ile watu waliyoikumbuka. Uangalifu wa fundi haukuweza kuvuka mpaka wa haki za mwenye jina.

Na mpaka wa pili ni mkali zaidi. Nje ya Japani, toleo hili liliuzwa kwa kupakuliwa tu, na mwezi wa Machi 2023 duka la Nintendo 3DS lilifunga mauzo. Japani mchezo huu ulitiwa pia katika mkusanyo wa kadi mwaka 2014, ila kadi ya Japani haikubaliwi na vifaa vya 3DS vilivyouzwa nchi nyingine. M2 iliutoa tena kwa Nintendo Switch mwaka 2018, kazi safi nayo, lakini isiyo na kile kina.

Basi uhariri uliofanywa ili kuokoa kazi ya mwaka 1986 umekuwa wenyewe adimu kabla ya kutimiza miaka 10. Sifa za M2 hazipungui kwa hilo. Linalopungua ni haki ya wenye mali kujiita wahifadhi, maadamu toleo bora la kazi yao halipatikani kwa anayelitafuta leo.