Sentensi ya Katikati: Uhakiki wa Kumbukumbu za Video na Kauli za Wanasiasa kwa Mfano wa Tunduma

1. Utangulizi

Tunduma ni mji wa mpakani, na Nakonde ya Zambia imeungana nao kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani ni mji mmoja. Katika foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, madereva, utingo, wabadilishaji fedha na waendesha bodaboda hupitisha saa nyingi wakitazama simu. Aina moja ya video hupita mkono kwa mkono kila uchaguzi unapokaribia. Ni vipande viwili vilivyounganishwa: cha kwanza kinamwonyesha mwanasiasa akisema jambo miaka iliyopita, na cha pili kinamwonyesha yule yule akisema kinyume chake. Msimulizi hayupo. Watazamaji hucheka, kisha simu hurudi mfukoni.

Makala haya yanaichukulia video ya namna hiyo kuwa matini yenye muundo, hadhira na dhamira, na kwa hiyo yanaihakiki kama tunavyohakiki matini nyingine. Swali letu ni moja: je, video hiyo inamwajibisha mwanasiasa, au inamfanya kichekesho tu? Hoja tunayoijenga ni kwamba kupingana kwa kauli mbili, peke yake, si ushahidi wa kosa. Mtu mwenye akili hubadili msimamo anapopata habari mpya. Kosa, likiwapo, limo katika sentensi ambayo msemaji alipaswa kuitamka baina ya kauli ya kwanza na ya pili, nayo hakuitamka: nilisema vile, sasa nasema hivi, na sababu ni hii. Tunaiita sentensi ya katikati. Video njema ni ile inayolifichua pengo la sentensi hiyo. Video mbaya ni ile inayolitengeneza pengo hilo kwa mkasi.

2. Video kama matini ya majibizano

Kumjibu mtu kwa maneno yake mwenyewe si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Mashairi yanayohusishwa na Vita vya Kuduhu, vilivyopiganwa karibu na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, yanatuonyesha washairi wa Mombasa na Lamu wakijibizana kwa tungo, mmoja akiichukua hoja au taswira ya mwenzake na kuigeuza. Utamaduni wa majibizano ulikuwa na kanuni isiyoandikwa: aliyejibiwa alikuwa na zamu ya kujibu tena, na hadhira ilizijua tungo za pande zote mbili.

Video ya vipande viwili imerithi umbo hilo lakini imeiacha kanuni. Fanani na mpinzani wake ni mtu mmoja, aliyegawanywa na miaka, na zamu ya tatu haipo. Mhariri naye, ambaye kwa kweli ndiye mtunzi wa matini, hasikiki wala haonekani. Mahali pekee panapoonyesha kazi yake ni pale alipokata. Kwa sababu hana sauti, mtazamaji humdhania kuwa hana upande. Uhakiki unapaswa kuanza hapo, kwa kuuliza kipande kimeanzia wapi, kimeishia wapi, na kabla ya hapo msemaji alikuwa ameulizwa nini.

3. Nafsi ndani ya kitenzi

Kiswahili kina sifa inayoipa kumbukumbu ya video uzito wa pekee. Katika kauli ya kuahidi, kitenzi chetu hubeba kiambishi cha nafsi na cha njeo kwa pamoja. Anayesema "nitaleta maji" ametaja mwahidi, wakati na tendo ndani ya maneno mawili. Akitaka kujitoa katika ahadi hiyo, hawezi kudondosha kiima na kuliacha tendo lielee. Hana budi kubadili umbo zima la kitenzi, na aseme "imeamuliwa", "ilionekana" au "nilinukuliwa vibaya".

Umbo hilo la mwisho linastahili kuangaliwa kwa makini. Kisarufi, msemaji bado ni kiima, kwani kiambishi ni- kimebaki pale pale. Kimaana, hata hivyo, amehama kutoka nafasi ya mtenda hadi nafasi ya mtendwa. Mtenda ni mnukuu asiyetajwa jina. Zamani, mnukuu huyo alikuwa mwandishi wa gazeti mwenye kalamu na daftari, na utetezi ulikuwa na nguvu. Video imempunguzia mnukuu nafasi yake, kwa kuwa sauti ni ya msemaji mwenyewe. Ndiyo maana utetezi umehamia kwenye kukata: siku hizi anayebanwa hudai kuwa klipu imekatwa. Mhakiki asiudharau utetezi huo, kwa kuwa wakati mwingine ni wa kweli.

Kiambishi kigumu zaidi ni tu-. Kiswahili hakitofautishi kimofolojia "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Tuchukue sentensi ya kutunga: "Tumechoka kudanganywa kuhusu stendi hii." Mbunge wa upinzani akiitamka jukwaani, tu- inaweza kurejelea chama chake, wakazi wa jimbo, au yeye na wafuasi waliosimama mbele yake. Mpakani marejeleo hayo huzidi kutanuka, maana wasemaji wa Kinyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka, na wanaohusika na stendi au soko la Tunduma si wapiga kura wa Tanzania peke yao. Mwanasiasa akihama chama, sauti ni ile ile na tu- ni ile ile, ila kirejelewa kimehama pamoja naye. Video huyahifadhi maneno kwa uaminifu mkubwa, lakini haihifadhi kirejelewa. Hicho hupatikana katika muktadha, na muktadha ndicho kitu cha kwanza kukatwa.

4. Kisa cha Tunduma

Historia ya uwakilishi katika eneo hili inatupa mfano ulio wazi. David Silinde aliingia Bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya CHADEMA, akiliwakilisha jimbo la Mbozi Magharibi, na mwaka 2015 alichaguliwa tena katika jimbo la Momba. Mwaka huo huo Frank Mwakajoka, naye wa CHADEMA, alishinda Tunduma. Mkoa wa Songwe wenyewe ulianza mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya. Katika uchaguzi wa Oktoba 2020 Silinde aligombea Tunduma kwa tiketi ya CCM dhidi ya Mwakajoka, akatangazwa mshindi, na kabla ya mwaka kwisha akateuliwa kuwa naibu waziri.

Mhariri wa video hahitaji kipaji kikubwa kuitumia historia hiyo. Angeweza kuweka mchango wowote wa mbunge wa upinzani akiibana Serikali, kisha akauambatisha na majibu ya naibu waziri akiitetea. Mtazamaji angepata mgongano uliokamilika ndani ya nusu dakika. Lakini kilichoachwa ni mwezi wa Mei 2020. Wakati huo wa janga la UVIKO-19, uongozi wa CHADEMA uliwaelekeza wabunge wake waache kuhudhuria vikao na wajitenge. Baadhi yao, Silinde akiwamo, waliendelea kuhudhuria, na chama kikamfukuza uanachama pamoja na wenzake kadhaa.

Tukio hilo halimtetei Silinde wala halimhukumu. Linabadili swali. Bila tukio hilo, swali la mpiga kura ni dogo: kwa nini umegeuka? Likiwapo, maswali yanakuwa mawili na yote yana uzito. La kwanza linakihusu chama: je, mwakilishi huwajibika kwanza kwa waliomchagua au kwa waliompa tiketi? La pili linamhusu mwakilishi: kufukuzwa kunaeleza kwa nini mtu ametoka alikokuwa, lakini hakuelezi kwa nini sasa anaunga mkono yale aliyoyapinga. Hilo la pili ndilo linalodai sentensi ya katikati. Video isiyo na Mei 2020 inamnyima mtazamaji maswali yote mawili, na inampa kicheko badala yake.

5. Fomula zinazojaza pengo

Wanasiasa wanajua kwamba pengo lipo, na wamebuni fomula za kulijaza. Maarufu zaidi kati ya mwaka 2017 na 2020 ilikuwa "kuunga mkono juhudi" za Rais. Wabunge kadhaa wa upinzani walijiuzulu kwa maelezo ya aina hiyo, wakapitishwa na CCM kugombea majimbo yale yale, na wakarudi Bungeni kupitia uchaguzi mdogo. Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha walifanya hivyo Februari 2018. Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli walifuata Septemba mwaka huo.

Kisemantiki, fomula hiyo ina upungufu unaoonekana. Ina tendo na ina yambwa, lakini haina uhusiano wowote na kauli iliyotangulia. Haisemi kama juhudi hizo zilikuwapo wakati msemaji alipokuwa akizipinga, wala kama alikosea kuzipinga. Ina sura ya sentensi ya katikati bila kuwa na kazi yake. Jamii ililigundua hilo haraka kuliko wanaisimu: mitaani "kuunga juhudi" kukawa na maana ya kuhama upinzani kwenda CCM, mara nyingi kwa kejeli. Upanukaji huo wa maana ni uhakiki uliofanywa na wasemaji wenyewe wa lugha.

Upinzani nao haujasalimika. Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Dkt. Willibrod Slaa alisoma orodha ya watu waliotuhumiwa ufisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwamo. Julai 2015 Lowassa alijiunga na CHADEMA na kuwa mgombea urais wa UKAWA. Katika kampeni ile ilitolewa hoja kwamba asiyetiwa hatiani na mahakama haitwi fisadi. Hiyo ilikuwa sentensi ya katikati, na haikosi mantiki. Taabu yake ni kwamba ikikubaliwa kwa mwaka 2015, inaifunga pia kauli ya mwaka 2007. Anayeitamka anadaiwa kukiri kwamba kauli ya kwanza ilikuwa na kasoro. Dkt. Slaa, kwa upande wake, alijitokeza hadharani Septemba 2015 kueleza kwa nini ameachana na siasa za vyama. Mtu anaweza kuzikataa sababu zake, lakini zilitamkwa na zinaweza kupimwa. Lowassa aliporudi CCM Machi 2019, waliokuwa wamemshambulia kwenye kampeni walimpokea kwa furaha, na deni la maelezo likahamia upande wao.

6. Mipaka ya ghala

Tusisahau kwamba kumbukumbu ya video ni ya mwenye kamera. Tarehe 27 Januari 2016, Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, aliliambia Bunge kwamba TBC ingesitisha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao, kwa sababu ya gharama ya takriban shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani walipinga, na siku hiyo polisi waliingia ukumbini. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zikawataka wenye televisheni za mtandaoni wapate leseni. Kila hatua ya aina hiyo huamua ni maneno ya nani yatakuwapo baada ya miaka kumi.

Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge inaweza kusaidia. Haina kiimbo, kusita wala tabasamu la msemaji, lakini ina mfuatano: nani aliuliza, nani alisimama kutoa taarifa, nani aliomba mwongozo. Kipande cha video cha Bungeni kinapaswa kusomwa sambamba na kumbukumbu hiyo.

Nje ya Bunge hali ni ngumu zaidi. Diwani wa Momba au Ileje anayeahidi zahanati katika mkutano wa kijiji mara nyingi harekodiwi kabisa. Akichanganya Kiswahili na Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali, mhariri aliye Dar es Salaam huenda akaikata sehemu asiyoielewa, kumbe ndiyo iliyobeba sharti la ahadi. Hivyo uwajibishaji kwa video huwapata wakubwa wachache, na huwaacha wale ambao maamuzi yao humfikia mwananchi kila siku.

7. Hitimisho

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Video imeupa ulimi mfupa wa aina fulani, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mfupa mmoja si mwili. Makala haya yamedai kwamba kupingana kwa kauli ni mwanzo wa swali, na kwamba kipimo cha uwajibikaji ni kuwapo, na ubora, wa maelezo yanayoziunganisha kauli hizo.

Walimu wa fasihi na isimu wana nafasi hapa. Mwanafunzi wa kidato cha tano huko Vwawa anayejifunza kutambua mtenda aliyefichwa katika kauli ya kutendwa, na kirejelewa cha tu-, ana zana za kutosha kuihakiki video aliyotumiwa jana. Akizitumia, siku ya mkutano hatanyanyua simu ili kumwaibisha mgombea. Atanyanyua mkono na kuuliza: uliposema vile ulijua nini, sasa umejua nini zaidi, na ulikijua lini? Mgombea mwenye jibu atalitoa. Asiye nalo atahitaji fomula, na hadhira iliyofundishwa itaitambua.