Ratili ya Nyama

Mwalimu Nyerere wa Butiama alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare uitwao The Merchant of Venice, uliochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1969, jina lake alilibadili. Mfanyabiashara mmoja akawa wengi, nao wakaitwa mabepari: Mabepari wa Venisi. Neno hilo limejadiliwa sana. Mimi naona kiini cha mchezo kiko mahakamani.

Antonio ametia sahihi mkataba kwamba asipolipa deni kwa wakati, Shylock atamkata ratili moja ya nyama mwilini. Shylock anadai kilichoandikwa. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anamsihi awe na huruma. Anapokataliwa, anausoma mkataba kwa ukali kumshinda mdai mwenyewe: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa.

Waingereza wa enzi za Shakespeare walizijua njia zote mbili. Mahakama zao za kawaida zilishikilia maandishi. Mahakama ya Chansela ilisikiliza dhamiri. Urithi huo wa pande mbili ndio ulioletwa Tanganyika, pamoja na sheria za Bunge lao zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Mfasiri wetu mwenyewe aliionja sheria hiyo: mwaka 1958 alitiwa hatiani kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wa kikoloni, akatakiwa kulipa shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita.

Kwa hiyo jina la mabepari linaniridhisha nusu tu. Ni kweli kwamba hata wanaohubiri huruma pale barazani ni wenye mali. Shylock anawakumbusha kuwa wao hununua watumwa. Lakini jina hilo linaitupia fedha lawama yote, sheria ikasalimika. Hila iliyomwokoa Antonio ndiyo iliyomvua Shylock mali yake, kisha akalazimishwa kuacha dini yake, na wote wakaiita haki.

Hata hivyo tafsiri hii ina ushindi mmoja mkubwa: mahakama inasema Kiswahili. Mahakama zetu za mwanzo zilikitumia, lakini hukumu za Mahakama Kuu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, hadi sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kwa miaka yote hiyo, mkulima wa pamba wa Bunda au mvuvi wa Musoma aliyekata rufaa aliweza kupoteza shamba au mtumbwi kwa maneno asiyoyaelewa. Shylock alionewa, lakini kila neno la hukumu yake alilisikia.