Kukagua Faili Kabla ya Kuituma

Lahajedwali au waraka hukaguliwa kabla ya kusambazwa ili asiyeona, mwenye uoni hafifu na asiyetofautisha rangi wapate kilichomo kama wengine. Fundi cherehani makini huigeuza nguo ndani nje akaangalia mishono. Mkaguzi wa faili naye huangalia upande ambao msomaji wa kawaida haufikii.

Asiyeona hutumia kisoma skrini, programu inayotamka maandishi. Mojawapo, NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hupatikana bure. Programu ya namna hii haitazami ukurasa, hufuata mpangilio uliomo ndani ya faili. Tuseme faili ni jedwali la michango ya kikoba. Mweka hazina ameunganisha seli sita za juu zibebe neno "Michango", ameacha mstari mtupu kila mwezi unapokwisha, na wanaodaiwa amewapaka wekundu. Kwa macho limependeza. Masikioni huja "5000, D9": elfu tano za nani, za mwezi gani? Akifika kwenye mstari mtupu, msikilizaji hudhani jedwali limeishia hapo. Wekundu kwa kawaida hautamkwi, hivyo aliyelipa na anayedaiwa husikika sawasawa. Dawa yake ni ndogo. Seli zitenganishwe, mstari mmoja wa juu utambulishwe kuwa vichwa vya safu, mitupu ifutwe, kisha iongezwe safu ya "Hali" yenye maneno "amelipa" na "anadaiwa".

Rangi nayo ina hesabu. Mwongozo wa ufikivu wa wavuti, WCAG 2.0 wa mwaka 2008, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chenye msimbo wa rangi 777777 juu ya weupe hupata 4.48, kikakosa kidogo tu. Ndugu yake 767676, ambaye jicho halimtambui kuwa tofauti, hufaulu chupuchupu.

Word na Excel zimekuwa na kikaguzi cha ufikivu tangu toleo la 2010. Hunasa picha zisizo na maelezo na kasoro nyingine za aina hiyo, na ni msaada wa kweli. Ila hutazama kama maelezo yapo, si kama yana maana. Grafu iliyoandikiwa "grafu" hupita. Iliyoandikiwa "Akiba ilipanda hadi Juni, ikashuka Julai baada ya mikopo kutolewa" hupita vilevile. Kuzipambanua hizo mbili ni kazi ya mtu, na utamu wa ufundi huu uko hapo.

Katika waraka, vichwa viwekewe mtindo wa vichwa, si kukolezwa wino tu, ili msikilizaji aweze kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Lugha pia itajwe: Kiswahili kilichowekwa kama Kiingereza husomwa kwa sauti ya Kiingereza, na "mchango" hugeuka kelele.

Kosa sugu la maofisini ni barua iliyochapwa, ikagongwa muhuri, kisha ikaskaniwa. Muhuri huipa heshima, lakini faili imebaki picha. Kisoma skrini kwa kawaida hakikuti hata neno moja. Nakala ya maandishi iambatanishwe nayo.

Kabla ya kuhifadhi lahajedwali kwa mara ya mwisho, kila laha hupewa jina linaloeleweka, zile tupu huondolewa, na kishale hurudishwa seli ya A1 ya laha ya kwanza, maana hapo ndipo usomaji wa atakayeifungua utaanzia.