Shinikizo Lisilosomwa Mkononi: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Moyo

Katika maelezo ya afya kwa Kiswahili, kupanda kwa shinikizo la damu ndani ya ateri ziendazo mapafuni huitwa mara nyingi "presha ya mapafu", na kipimo kinachosaidia kuutambua ugonjwa huo mapema huitwa "picha ya moyo". Majina yote mawili ni mepesi kutamka. Hata hivyo, wepesi huo una gharama, na mlipaji ni mgonjwa.

Tuanze na "presha". Kwa wasemaji wengi, presha ni ile ipimwayo kwa kufunga mkanda mkononi. Mkanda huo husoma nguvu ya damu isukumwayo mwilini na upande wa kushoto wa moyo. Damu iendayo mapafuni husukumwa na upande wa kulia, katika njia nyingine yenye shinikizo dogo zaidi, ambalo mkanda hauwezi kulisoma. Basi mtu anayeishiwa pumzi apandapo ngazi, akiambiwa kuwa presha yake ni nzuri, aweza kuamini kuwa na hiyo ya mapafu hana. Isitoshe, neno "mapafu" likikaa peke yake humfanya msomaji afikirie hewa badala ya damu. Twapendekeza "shinikizo la juu la ateri za mapafu". Ni istilahi ndefu, lakini yataja mahali penyewe.

"Picha ya moyo" nayo imebebeshwa mzigo mkubwa: yatumika kwa eksirei, kwa mchoro wa umeme wa moyo, na kwa kipimo cha mawimbi ya sauti. Kipimo hiki cha tatu kilianza Lund, Uswidi, mwaka 1953, pale Inge Edler na Hellmuth Hertz walipotumia chombo cha kukagulia vyuma kusikiliza mwangwi wa moyo. Neno "mwangwi" tunalo tangu zamani. "Picha ya mwangwi ya moyo" yafaa kwa umma, na "ekokadiografia" ibaki kwa wataalamu.

La mwisho ni kitenzi. Si sahihi kuandika kwamba picha hiyo "huthibitisha" ugonjwa. Hupima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kupitia vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia. Kasi ikizidi mita 2.8 kwa sekunde, daktari hushuku. Uthibitisho hutokana na katheta iingizwayo hadi katika ateri yenyewe: kwa mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022, wastani unaozidi milimita 20 za zebaki wakati wa mapumziko, ambapo zamani mpaka ulikuwa 25. Kwa hiyo mfasiri aandike "hudokeza".

Kichocho, maradhi tuyajuayo vyema Afrika Mashariki, ni miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huu. Twawaomba walimu na wafasiri wazipime istilahi hizi kazini mwao, hasa katika maandishi yanayomwambia mgonjwa ni kipimo kipi aende akakiombe.