Kibanzi, Boriti na Kumbukumbu za Kwihara

Mara ya kwanza nilipokwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, nilikwenda kama hakimu. Nilisimama mbele ya tembe alimokaa David Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti 1872, nikawagawa watu wa njia ile ya misafara mafungu mawili: Mkristo mwema upande huu, Waarabu wabaya upande ule. Hukumu ilikwisha kabla sijafungua kitabu.

Kitabu chenyewe ni kumbukumbu za safari yake ya mwisho, zilizohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa London mwaka 1874 katika majuzuu mawili. Nimekisoma polepole, na sina budi kukiri kwamba kimeyavuruga mafungu yangu.

Sifa kubwa ya kumbukumbu hizi ni kwamba mwandishi hakuufumbia macho uovu. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwako Nyangwe, kando ya mto Lualaba huko Kongo, watu wa wafanyabiashara wa pwani walipowamiminia risasi wenyeji waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Aliyaandika aliyoyaona. Kukemea uovu kama ule si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Lakini kitabu hichohicho kina jambo lingine. Mwanzoni mwa mwaka 1869 Livingstone aliugua mapafu hata asiweze kutembea. Aliyempa dawa na kuamuru abebwe kwa machela mpaka Ziwa Tanganyika alikuwa Mohamed Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Huruma yake haiifuti biashara yake. Wala biashara yake haiufuti wema ule. Hapo nilikosa fungu la kumweka.

Udhaifu wa kitabu, kwa maoni yangu, ni ukali wa mwandishi juu ya wapagazi na watumishi wake. Analalamika mno, na ni mara chache msomaji hupata kuliona jambo kwa macho ya waliobeba mizigo. Hata hivyo, mwaka 1868 wengi wao walikataa kumfuata kwenda Ziwa Bangweulu, naye aliporudi aliwapokea tena. Anaeleza kwamba walikuwa wamechoka kama alivyochoka yeye, na kwamba kuzijua kasoro zake mwenyewe kulimfanya awe mpole kwao. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito kuliko pengine pote kitabuni. Mafundisho ya kibanzi na boriti hayakuwa tena mahubiri kwa wengine, yalimgeukia mwenyewe.

Nami yalinigeukia. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, ni Mwislamu. Kwa miaka mingi sikula chakula nyumbani kwao Tabora, na ukaidi huo niliuita msimamo wa imani. Siku moja malaria iliniangusha palepale mjini, na aliyekesha nami ni yeye. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza: "Kunywa uji kwanza, shemeji. Hayo tutazungumza ukipona." Nilipopona nilirudi, nikaketi mkekani kwao, nikala.

Sasa limebaki jaribu la kumhukumu Livingstone naye. Hapo nawakumbuka watu wake. Baada ya kufa kwake mwaka 1873 waliubeba mwili wake mpaka Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyewashauri wauzike. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Walikuwa na ushahidi wa kutosha wa makosa ya bwana yule, maana waliishi naye. Walimbeba hivyohivyo.

Mpenzi msomaji, siku hizi nikisali naomba mambo mawili: ujasiri wa kuuita uovu kwa jina lake, na unyenyekevu wa kukumbuka aliyeninywesha uji.