Mtoto Anayemwita Mama kwa Jina

Katika kurasa za kwanza za The Flame Trees of Thika, Elspeth Huxley anatueleza jinsi familia yake ilivyopata shamba. Baba alilinunua katika baa ya Hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa mwanamume aliyevaa tai ya waliosoma Eton, shule ya watoto wa mabwana wa Uingereza. Habari yenyewe inatajwa kwa kupitia tu, mfano wa fundi anayekutajia bei huku akikusifia kitambaa. Tunacheka. Tai inachekesha, baa inachekesha, na baba anajitokeza papo hapo kuwa mtu mwenye ndoto nyingi na hesabu chache. Kicheko kinapoisha, sentensi imeshapita, na hakuna aliyeuliza muuzaji alilipata wapi shamba hilo.

Nadhani kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1959, kimejengwa juu ya sentensi za aina hii. Tai imefanya kazi ya hati. Muuzaji hana jina, hana mbari, hana shahidi. Ana shule aliyosoma, basi. Weka kando yake kumbukumbu za mtoto mwingine wa Kiambu, Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Dreams in a Time of War (2010). Humo namo shamba linauzwa. Baba yake Ngũgĩ alinunua ardhi Limuru kwa desturi, kwa mapatano ya mdomo mbele ya mashahidi, kisha ardhi ileile ikauzwa tena kwa mtu aliyekuwa na maandishi, na maandishi yakashinda. Ngũgĩ halipiti jambo hilo mbio. Anatuambia nani alimuuzia nani, nani alishuhudia, na nani alibaki kuwa mpangaji pale alipokuwa na kwake. Mwaka 1981, katika Detained, alikuwa amemshambulia Huxley kwa ukali wa kisiasa. Mimi naona jibu zito zaidi ni hili la 2010, ambalo halina hata haja ya kumtaja.

Turudi Thika ya mwaka 1913. Mji haujawa mji. Hoteli ya Blue Posts ipo tangu 1908, kati ya maporomoko ya mto Chania na ya mto Thika, na wawindaji hupiga kambi hapo kabla ya kuingia nyikani. Familia inafika kwa mkokoteni wa ng'ombe, na mizigo yao inasema wazi walichokifuata: kuku wa mbegu ya Sussex, samani, vyombo vya nyumba. Wanataka kijiji cha Uingereza, kile chenye bustani na majirani wa kunywa nao chai, ila kiwe na jua na kazi ya bei nafuu. Shabaha hiyo haitangazwi popote. Inaonekana katika orodha za vitu, na Huxley ni bingwa wa orodha za vitu.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kinachoshtua zaidi ni namna mtoto anavyowaita wazazi wake. Msimulizi ana miaka sita hivi, anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na tangu mwanzo hadi mwisho mama ni Tilly na baba ni Robin. Thika tunayoijua inafanya kinyume: mama hupoteza jina lake siku anapojifungua, akawa Mama Wambui au Mama Kamau hadi uzeeni. Katika kitabu hiki mama anabaki na jina, na anayekaribia kulipoteza ni mtoto, kwa kuwa ni nadra sana kusikia akiitwa. Tena majina yenyewe ni ya kubuni. Wazazi wa Huxley walikuwa Nellie na Josceline Grant. Kitabu kinajitangaza kuwa kumbukumbu za utotoni, lakini kinawabatiza upya hata wazazi wa mwenye kumbukumbu.

Faida yake ni kubwa. Mama akiwa Tilly anakuwa mhusika kama wahusika wengine, na mwandishi anaweza kumtazama kwa mbali, kumcheka, kumwekea mdomoni mazungumzo marefu ambayo hakuna mtoto wa miaka sita angeyakumbuka baada ya zaidi ya miaka 40. Katika maisha hasa, mtoto husema "mama" kwa sababu anamhitaji. Huyu hamhitaji mtu. Yupo chini ya meza, nyuma ya pazia, juu ya farasi mdogo, na kila anachokisikia kinatufikia bila maelezo.

Kwa mfano, penzi la Lettice Palmer, mke wa kapteni wa jirani, na kijana Ian Crawfurd. Mtoto haelewi, sisi tunaelewa, na kinaya kinazaliwa katika pengo hilo. Huo ni ufundi wa kweli; hata mtu anayekichukia kitabu kwa sababu za haki akubali kwamba sura hizo zimeandikwa vizuri mno. Kisha hali ileile ya kutoelewa inatumika kwa Njombo, mfanyakazi Mkikuyu anayedhoofika baada ya kulaaniwa. Mtoto anaripoti kudhoofika kwake kwa sauti ileile aliyotumia kwa penzi la Lettice, na kwa juu juu huu unaonekana usawa mzuri: mambo ya watu wazima, weupe kwa weusi, yote ni mafumbo kwa mtoto.

Usawa huo haudumu ukiusoma kwa makini. Pengo la Lettice tunalijaza wenyewe, maana tunajua ndoa ni nini na wivu ni nini, na mwandishi anatudondoshea ishara za kutosha. Pengo la Njombo halina ishara. Msomaji wa London wa 1959 alifunga kitabu akiwa anamjua Lettice kuliko mtoto anavyomjua, na Njombo akiwa anamjua kiasi kilekile cha mtoto. Kutoelewa kwa aina ya kwanza ni kinaya. Kutoelewa kwa aina ya pili ni kutojua tu, kumevishwa nguo ya kinaya.

Tarehe nayo ina kauli. Aliyekuwa akiandika alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 50, na nchi aliyokuwa akiiandika ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mama yake mzazi alikuwa bado analima Njoro. Mtu huyo alijua mengi. Alipochagua sauti ya mtoto wa 1913, na kulifunga simulizi pale Vita vya Kwanza vya Dunia vinapoitawanya jumuiya yao ndogo, alijipa ruhusa ya kutoyasema. Mtoto hawezi kuulizwa habari za sheria ya ardhi ya 1915 iliyompa mlowezi hati ya miaka 999. Utulivu wa Thika katika kitabu hiki umetengenezwa na umri wa msimulizi.

Tamthilia ya televisheni ya 1981, iliyomchukua Hayley Mills kuwa Tilly, inathibitisha hilo bila kukusudia. Sehemu zote saba ni nzuri kwa macho, lakini kamera haiwezi kuwa na miaka sita. Inaona kila kilicho mbele yake, pamoja na wafanyakazi, na kinaya kinayeyuka. Kinachobaki ni mandhari.

Huxley aliishi zaidi ya nusu ya maisha yake katika kijiji halisi cha Uingereza: Oaksey, mkoani Wiltshire. Alikiandikia kitabu mwaka 1976, Gallipot Eyes, na hapo fani inageuka kabisa. Ni shajara. Mtoto hayupo, wala visa vya kubuniwa havipo. Kuna mjane mwenye umri mkubwa anayeandika yaliyotokea, anasikiliza majirani, anafukua habari za zamani za parokia. Shajara ina unyenyekevu wa lazima, kwa kuwa anayeandika leo hajui kesho itamsahihisha vipi. Kwa uzuri wa lugha hakifikii kile cha Thika, na hakikupata umaarufu wake. Lakini angalia nani amepewa historia. Kijiji kidogo cha Wiltshire kina karne nyingi za watu walioishi na kufa kabla mwandishi hajafika. Thika inaanza siku mkokoteni unapofika.

Mtindo huo wa kuanza na ardhi tupu unaendelea kando ya barabara kuu ya Thika. Ukipita Ruiru, mabango ya ploti na nyumba yanauza utulivu ule ule: nyasi, anga, familia moja yenye gari moja, na karibu kila mara jina la Kiingereza. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru. Bango halioni hata mmoja wao, wala mchuma kahawa aliyekuwa pale kabla miche haijang'olewa, wala fundi anayepanga mawe ya Ndarugo.

Wapo watakaosema namwonea Huxley, kwamba mwandishi wa zama zake hakuwa na njia nyingine. Alikuwa nayo, na aliitumia yeye mwenyewe. Mwaka 1939, miaka 20 kabla ya Thika, alitoa riwaya ya Red Strangers, inayofuata familia ya Wakikuyu kwa vizazi vinne na kuanza kabla Mzungu yeyote hajaonekana. Mchapishaji Harold Macmillan, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alitaka sehemu ya tohara ya wasichana ipunguzwe; Huxley akakataa, akapeleka mswada kwa Chatto & Windus. Humo wageni ndio wanaoshangaza, na desturi zao ndizo zisizoeleweka. Riwaya hiyo ina kasoro zake, na baadhi ya kurasa zake zinanuka daftari la mtafiti, lakini ardhi ina wenyewe tangu ukurasa wa kwanza. Ningemshauri msomaji wa Thika au Ruiru aanze na hicho cha 1939, ndipo afungue cha 1959, ili atakapokutana na Njombo kitandani asihitaji mtoto wa kumweleza anaumwa nini.